Kuunganisha Simu na Wi-Fi ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaowasaidia, wengi wao wakiwa na simu mkononi na ruta (kile kifaa kinachorusha Wi-Fi) mbele yao. Kama unaunganisha kwa mara ya kwanza, anza na swali la kwanza. Kama ulikuwa unatumia vizuri na sasa mambo yamekwama, shuka moja kwa moja hadi kwenye swali linalofanana na tatizo lako.

Naunganishaje simu yangu na Wi-Fi kwa mara ya kwanza?

Unahitaji vitu viwili: jina la mtandao na nenosiri lake. Kama ruta haijabadilishwa chochote tangu itoke kwenye boksi, vyote viwili vimechapishwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma yake. Jina liko pembeni ya herufi SSID. Nenosiri utalikuta karibu na jina hilo, mara nyingi mbele ya herufi WPA au neno Key. Angalia vizuri hapo, maana kibandiko hichohicho huwa na nenosiri jingine la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, na wakati mwingine namba ya tarakimu nane ya WPS, njia nyingine ya kuunganisha bila kuandika nenosiri. Hizo mbili hazitakuunganisha hata ukizirudia kutwa nzima.

Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti (simu nyingine huandika Miunganisho), kisha gusa Wi-Fi na uiwashe. Kwenye iPhone, Wi-Fi iko karibu na mwanzo wa ukurasa wa Mipangilio. Subiri sekunde chache orodha ya mitandao ijae, gusa jina la mtandao wako, andika nenosiri, kisha gusa Unganisha. Alama ya Wi-Fi ikitokea juu ya kioo, umeingia, na simu italikumbuka nenosiri hilo kila ukirudi nyumbani.

Naandika nenosiri sahihi lakini simu inakataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi nenosiri linalojulikana kuwa sahihi lina kosa dogo ambalo jicho halikuliona. Kabla ya yote, gusa alama ya jicho iliyo pembeni ya sehemu ya kuandikia ili uone herufi zenyewe badala ya vinukta. Kisha soma kibandiko herufi moja baada ya nyingine. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti kwa ruta. Sifuri na O hufanana, na vivyo hivyo moja, l ndogo na I kubwa. Kuna dalili moja inayosaidia sana: kama sehemu iliyobaki ya nenosiri ina tarakimu tu na herufi kati ya A na F, basi kile kiduara karibu hakika ni sifuri, kwa sababu viwanda vingi hutengeneza manenosiri kwa mfumo unaotumia tarakimu kumi na herufi hizo sita peke yake.

Angalia pia kibodi ya simu. Inapenda kuanza na herufi kubwa bila kuulizwa, na inapenda kuongeza nafasi tupu baada ya neno. Niliwahi kukaa karibu nusu saa na mzee mmoja, tukisomeana nenosiri kwa sauti, na kila herufi ilikuwa sawa. Lilikuwa na herufi kumi na mbili. Nilipohesabu vinukta kwenye kioo nikakuta kumi na tatu. Mwanawe alikuwa amemtumia nenosiri kwa ujumbe, naye aliponakili akachukua na nafasi iliyofuata neno la mwisho. Tuliifuta, simu ikaingia papo hapo. Tangu siku hiyo huwa nahesabu vinukta kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Kama kitufe cha Unganisha kimefifia na hakigusiki, hesabu ulichoandika. Nenosiri la WPA2, aina ya ulinzi iliyoenea majumbani, lina herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63. Chini ya hapo simu hairuhusu hata kujaribu.

Ikiwa jana iliingia na leo inakataa, uliza nyumbani kama kuna aliyebadilisha nenosiri. Simu yako bado imelishika lile la zamani na inalituma kimyakimya. Gusa jina la mtandao, chagua Sahau mtandao (kwenye simu iliyowekwa Kiingereza imeandikwa Forget), kisha ujiunge upya kwa nenosiri jipya.

Nimesahau nenosiri na kibandiko kimefutika. Nifanye nini?

Tafuta simu nyingine ambayo tayari imeunganishwa. Kama ni Android toleo la 10, lililotoka 2019, au la baadaye, ingia kwenye Wi-Fi, gusa mtandao uliounganishwa, kisha Shiriki. Itakuonyesha msimbo wa QR, na kwenye simu nyingi nenosiri lenyewe limeandikwa chini yake. Elekeza kamera ya simu yako hapo na utaunganishwa bila kuandika chochote.

iPhone zenye iOS 16 na kuendelea zinakuruhusu kulisoma nenosiri: gusa alama ya i iliyo pembeni ya jina la mtandao, kisha sehemu ya nenosiri, nayo itataka uso, kidole au namba yako ya siri kwanza. Kati ya iPhone na iPhone kuna njia rahisi zaidi. Zisogezeni karibu, zote ziwe na Bluetooth na Wi-Fi, na kila mmoja awe na barua pepe ya akaunti ya Apple ya mwenzake kwenye orodha ya majina. Mgeni akigusa mtandao wako, simu yako itakuuliza kama umpe nenosiri.

Msimbo wa QR nao una siri ndani yake. Nenosiri limeandikwa humo wazi bila kufichwa, na yeyote atakayeusoma kwa programu ya kawaida ya kamera anaweza kuingia. Usiutume kwenye kundi la watu wengi wala kuuacha ukionekana nyuma yako unapopiga picha.

Kama hakuna simu yoyote iliyounganishwa, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, fungua kivinjari na uandike 192.168.1.1, na isipofunguka ujaribu 192.168.0.1. Ukiingia kwa nenosiri la mipangilio, utaliona la Wi-Fi au utaweka jipya.

Simu inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Tatizo liko wapi?

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kutolielewa jambo hili ndiko kunakowafanya watu wafute mipangilio isiyo na kosa. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni safari fupi ya mawimbi kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, basi. Intaneti huingia kwenye ruta kutoka nje, kwa waya, kwa faiba au kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Ni kama mabomba ya nyumba: bomba linaweza kuwa zima kabisa, na ukilifungua lisitoe tone, kwa kuwa maji hayajafika kutoka barabarani. Simu inapoandika maneno hayo inakuambia kwamba bomba la ndani ni zima.

Kwa hiyo usianze na simu. Chukua kifaa kingine kilichounganishwa kwenye ruta hiyohiyo ujaribu kufungua ukurasa wowote. Jaribio hilo la nusu dakika linakata tatizo katikati.

Vifaa vyote vikikosa intaneti, simu yako haina kosa. Tazama taa za ruta. Kama unatumia faiba na taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje: huenda waya mwembamba wa faiba umechomoka, umekunjwa sana nyuma ya meza, au umekatika njiani. Unaweza kuunyoosha na kuukandamiza taratibu mahali pake, lakini usiuchomoe ukachungulia ndani, maana mwanga huo hauonekani na unaweza kudhuru macho. Kama ruta inatumia laini ya simu, angalia kama bando limeisha. Yasipokuwa hayo, mpigie anayekupa huduma na umtajie taa ipi inawaka rangi gani. Utasaidiwa haraka kuliko ukisema tu kwamba haifanyi kazi.

Vifaa vingine vikiwa na intaneti na simu yako peke yake haina, sasa ndipo ushughulike na simu. Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali) kama unayo. Zima Wi-Fi uiwashe tena. Sahau mtandao ujiunge upya. Kisha angalia tarehe na saa. Watu wengi hawaamini nikiwaambia hivyo, lakini kurasa za intaneti zina vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu iliyoisha chaji kabisa ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita itaviona vyeti hivyo kuwa batili na kukataa kufungua karibu kila kitu. Weka tarehe ijipange yenyewe.

Inakwama kwenye "Inapata anwani ya IP". Maana yake nini?

Kila kifaa kinachojiunga hupewa namba yake na ruta, ili ruta ijue data ya nani iende wapi. Simu imeomba namba na haijajibiwa. Zima ruta kwa nusu dakika uiwashe, mara nyingi inatosha. Kama nyumba ina vifaa vingi sana, inawezekana namba zilizotengwa zimekwisha, na hapo itabidi uongeze idadi yake kwenye mipangilio ya ruta. Kwenye iPhone, ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue simu imejipa namba yenyewe baada ya kusubiri bila jibu.

Na kama wewe au fundi aliwahi kuandika anwani kwa mkono kwenye simu, irudishe ijipange yenyewe.

Kuna tofauti gani kati ya kuwasha ruta upya na kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani?

Tofauti ni kubwa mno. Kuwasha upya ni kuzima umeme, kusubiri nusu dakika, na kuwasha tena. Hakuna kinachofutika. Fanya hivyo wakati wowote.

Kurejesha ni kile kitundu kidogo nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa sindano au pini kwa sekunde kama kumi. Hicho kinafuta kila kitu: jina la mtandao, nenosiri uliloweka, na lililo baya zaidi, taarifa ambazo mtoa huduma aliziweka ili ruta itambuliwe kwenye laini yake. Shangazi yangu alikibonyeza jioni moja kwa sababu simu yake ilikuwa imekwama, akidhani anaiburudisha ruta. Taa zote zilizimika, zikawaka, na nyumba nzima ikakosa intaneti kwa siku mbili, hadi alipopatikana mtu wa kuzirudisha zile taarifa. Simu yenyewe ilikuwa kwenye hali ya ndegeni.

Nakusihi, usikiguse kitundu hicho kabla hujajua una jina na nenosiri la laini kutoka kwa mtoa huduma, au kabla hajakuambia mwenyewe ukibonyeze.

Naona majina mawili ya mtandao wangu, moja lina 5G mwishoni. Nichague lipi?

Hiyo 5G si ile 5G ya mitandao ya simu. Inamaanisha gigahezi 5, yaani masafa ambayo ruta inarushia mawimbi yake. Ruta nyingi za leo hurusha kwenye masafa mawili, 2.4 na 5. Mawimbi ya 2.4 hufika mbali na hupita ukutani vizuri zaidi, lakini yana kasi ndogo na msongamano mkubwa, kwa kuwa majirani, Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu vyote viko hapo. Mawimbi ya 5 yana kasi, ila ukuta mmoja mzito unayapunguza sana.

Ukiwa chumba kimoja na ruta au chumba cha pili, chagua lile la 5. Ukiwa mbali, la 2.4. Unaweza kuyahifadhi yote mawili kwenye simu. Ruta nyingine huyaweka chini ya jina moja na simu inachagua yenyewe, nami napenda zaidi mpango huo kwa nyumba yenye watoto na wazee, maana hakuna wa kuuliza.

Usishangae ukiwasha ruta upya, jina la 2.4 likatokea mara moja na la 5 likachelewa. Sehemu ya masafa hayo hutumiwa na rada, na ruta inayotaka kuitumia hulazimika kusikiliza kwanza kwa takriban dakika moja, ihakikishe hakuna rada, ndipo irushe.

Mtandao wangu hauonekani kabisa kwenye orodha, ingawa simu nyingine zinauona.

Huenda simu yako haina uwezo wa gigahezi 5 na ruta imewekwa kurusha hiyo peke yake. Huenda jina limefichwa: hapo chagua Ongeza mtandao na uandike jina kwa mkono, herufi kwa herufi. Au ruta, kwenye masafa ya 2.4, imechagua chaneli (kipande kimoja cha masafa hayo) ya 12 au 13, ambazo baadhi ya simu hazizisomi. Ibadilishe kwenda 1, 6 au 11, chaneli tatu ambazo haziingiliani.

Sebuleni inasoma vizuri, chumbani inakatika. Ninunue ruta mpya?

Jaribu kwanza kuihamisha uliyonayo. Ruta nyingi nimezikuta zimefichwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni au sakafuni pembeni kabisa ya nyumba, pale waya ulipoingilia. Iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba. Chuma huyarudisha mawimbi, na kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, kwa hiyo nacho huyarudisha. Maji huyameza: tangi la samaki kati yako na ruta ni kizuizi cha kweli.

Pima kabla na baada. Simama pale unapolala, si pale ruta ilipo, na ufungue video ileile mara mbili. Kama baada ya kuhamisha bado kuna chumba kisichofikiwa, ndipo ufikirie kifaa cha pili. Ukiweza kukiunganisha na ruta kwa kebo, utapata kasi nzuri kuliko vile vinavyodaka mawimbi hewani na kuyarusha tena.

Nenosiri ni sahihi, mtandao unaonekana, vifaa vingine vinaingia, simu yangu inafukuzwa. Kuna nini?

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, baadhi ya ruta zina orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, zikivitambua kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, ili usifuatiliwe unapozunguka. Ruta inaona mgeni asiyeandikwa. Kwa mtandao wa nyumbani kwako, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, sehemu ya faragha, na uchague anwani halisi ya kifaa.

La pili, ruta mpya inaweza kuwa imewekwa WPA3 pekee, ulinzi uliotangazwa 2018, na simu ya zamani haiufahamu. Kwenye mipangilio ya ruta, chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Niko kwenye Wi-Fi lakini bando la simu linaisha. Inawezekanaje?

Simu nyingi zina kipengele kinachohamia data ya simu kimyakimya Wi-Fi inapodhoofika. Kwenye iPhone kinaitwa Wi-Fi Assist, kiko chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu. Kwenye Android kitafute kwenye mapendeleo ya mtandao. Kizime, au zima data ya simu ukiwa nyumbani.

Naweza kutumia kitufe cha WPS badala ya nenosiri?

Android za karibuni zimekiacha, na iPhone haijawahi kukitumia. Nakushauri ukizime kwenye ruta. Desemba 2011 ilitangazwa kasoro katika namba yake ya tarakimu nane: inakaguliwa vipande viwili, hivyo mtu anaweza kuipata kwa majaribio yasiyozidi 11,000.

Mgeni akiomba nenosiri, nimpe?

Mpe la wageni. Ruta nyingi zinakuruhusu kuanzisha mtandao wa pili wenye jina na nenosiri lake, ambao unatoa intaneti bila kufikia kompyuta, printa na kamera zako. Utalibadilisha hilo siku yoyote bila kugusa simu za wenye nyumba. Na mtandao wako wenyewe usiwe WEP hata kidogo. Ulinzi huo ulivunjwa tangu 2001.

Nimejaribu yote na bado. Nini kimebaki?

Kwenye simu kuna Weka upya mipangilio ya mtandao. Haifuti picha wala ujumbe, ila inafuta manenosiri yote ya Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha, kwa hiyo yaandike kwanza yale usiyoyakumbuka. Kwenye iPhone iko ndani ya sehemu ya Jumla, na kwenye Android iko chini ya Mfumo.

Kisha fanya jaribio la mwisho. Omba mtu awashe hotspoti kwenye simu yake, nawe ujiunge nayo. Ukiingia bila shida, simu yako ni nzima na kasoro iko kwenye ruta, hata kama vifaa vingine vinaielewa. Ukishindwa hapo pia, na kwenye mtandao wa tatu, hasa kama swichi ya Wi-Fi yenyewe imefifia na haiwaki, kuna kitu ndani ya simu kimeharibika. Mpelekee fundi, na umwambie ulichojaribu kwa mpangilio uleule ulivyokijaribu.